Hart's Weir: Lango la Mwisho la Mkupuo katika Mto Thames

Mabibi na mabwana, lango tunalolizungumzia leo, yaani mahali pa kupitishia vyombo penye banio la mto, halipo tena. Lilikuwa katika Mto Thames, Uingereza, kati ya malango ya Buscot na Grafton, likiitwa Hart's Weir. Liling'olewa mwaka 1937, na katika mto huo ndilo lililokuwa la mwisho la aina yake. Mahali pake sasa pana daraja la waenda kwa miguu.

Aina hiyo tuiite lango la mkupuo. Tusifikirie lango la chumba, lenye milango huku na huku, ambamo maji hujazwa au hupunguzwa ili chombo kipande au kishuke. Hili ni banio linalokatiza mto, lenye pengo moja la kupitisha vyombo. Chini kabisa umelazwa mti mnene, ndio kizingiti. Juu ya maji kuna boriti inayoweza kuzungushwa ikaondoka njiani. Kati ya viwili hivyo husimamishwa nguzo, tako likiegemea kizingiti na kichwa kikiegemea boriti. Upande wa juu wa mto, mbele ya nguzo, hupangwa makafi: mbao pana zenye mpini mrefu. Msukumo wa maji yenyewe ndio unaoyabana yasitoke.

Chombo kikifika, mlinzi huchomoa makafi, moja baada ya jingine, halafu nguzo, halafu huzungusha boriti. Maji yaliyozuiliwa hutoka kwa kishindo: huo ndio mkupuo. Hapo kinachotakiwa ni kujua wakati. Tishali linaloshuka likiingia mapema hukuta maporomoko, likabamizwa ukingoni au likapinduka. Likichelewa, kina juu ya kizingiti kimekwisha, nalo hukwama. Linalopanda husubiri mkondo utulie, ndipo likokotwe kwa winchi.

Kufunga ni kazi ngumu kuliko kufungua, maana nguzo hurudishwa mkondo ungali unakwenda. Jiwe au tawi likinasa kwenye kizingiti, tako la nguzo halikai, na kafi la hapo litavuja. Isitoshe, kila mkupuo huchimba shimo chini ya banio na kuzitua kokoto mbele kidogo, zikawa fungu. Lango lililolivusha tishali ndilo lililolijengea pa kukwama.

Hatari yake haikuwa kwa mabaharia peke yao. Mwaka 1674, watu wapatao 60, wanaume, wanawake na watoto, walizama langoni Goring walipokuwa wakivuka kwa mashua kutoka sikukuu ya kijiji hicho kwenda Streatley, ng'ambo ya pili.

Hata hivyo, kwa maoni yetu kilicholiua lango hili hasa ni ubadhirifu wa maji. Tupige hesabu ya mfano. Lango la chumba lenye urefu wa mita 30, upana wa mita 5 na tofauti ya kimo ya mita 1 hutumia mita za ujazo 150 kupitisha chombo. Sasa chukua kipande cha mto cha kilomita 2, upana mita 30, kikishuka sentimita 30 tu kwa mkupuo: ni mita za ujazo 18,000. Mara 120! Na maji hayo mwenye kinu cha maji kando ya banio aliyategemea kuzungusha gurudumu lake. Akifungua, kinu kinasimama. Akikataa, matishali yanangoja. Ugomvi huo ulidumu karne nyingi, na kila upande ulikuwa na haki yake.

Malango ya chumba yalianza kujengwa karibu na Oxford miaka ya 1630, huko Iffley, Sandford na Swift Ditch. Chini zaidi, ujenzi ulishika kasi kuanzia Boulter's mwaka 1772. Grafton, jirani wa Hart's Weir, lilipata lake mwaka 1896.

Anayetaka kuelewa kazi hii kwa macho aende Rushey, chini zaidi katika mto huo huo. Vyombo hupita kwenye chumba, lakini banio la pembeni bado ni la nguzo na makafi. Aangalie hasa jinsi kafi linavyoshushwa, na mkondo ukamalizia kulibana.