Mtoto Akitazama Juu: Mazungumzo na Wajawazito wa Eastlands, Nairobi

Akina mama, hamjambo. Walio mlangoni waje mbele, viti vipo. Na wewe uliyejilaza kitini kama uko kwa sofa yako, kaa hivyo hivyo, nitakurudia.

Nimebeba kiondo na mwanasesere. Kiondo ndicho mji wa mimba, mdomo wake ndio njia. Tazameni: kichwa chini, kisogo kimeelekea kitovu cha mama, kidevu kifuani. Huyo anapita. Sasa namzungusha. Kichwa bado kiko chini, lakini kisogo kimelalia uti wa mgongo wa mama, uso unatazama mbele, yaani mama akilala chali, mtoto anatazama juu. Mnaona anavyokwaruza? Sisi wa matatu za abiria 14 tunalijua hili. Ukishuka umeinamisha kichwa, unateleza nje. Ukishuka umeinua uso, paji linagonga mlango na konda anakuharakisha. Huyu wa pili mara nyingi hugeuka mwenyewe uchungu ukipamba moto, na hata asipogeuka wengi hutoka salama, ila safari huwa ndefu na mgongo unauma kweli kweli.

Miaka ya 1990 mkunga mmoja wa New Zealand, Jean Sutton, na mwenzake Pauline Scott, walieneza wazo kwamba mama akikaa ameegemea mbele, magoti yakiwa chini kuliko nyonga, kisogo cha mtoto kitazunguka kije mbele, na akizama kwenye sofa kitarudi nyuma. Niliwaamini. Mimba yangu ya pili nilipiga deki kwa magoti kila asubuhi, wiki tatu, sakafu ikang'aa mpaka jirani akaniuliza kama kuna ruracio, sherehe ya mahari. Mtoto alitoka anaangalia dari.

Baadaye nikasoma utafiti wa Australia uliochapishwa 2004. Wanawake zaidi ya 2,500: wengine walipiga magoti na kutikisa nyonga dakika 10, mara mbili kwa siku, kuanzia wiki ya 37, wengine waliambiwa watembee tu. Waliozaliwa wakitazama juu walikuwa kama 8 kati ya 100, huku na huku. Basi mama mkwe akikwambia mtoto amekaa vibaya kwa sababu ya sofa, mpe chai.

Haya, dada wa sofa. Geuza kiti, kaa ukikumbatia mgongo wake. Umesikia kiuno kilivyolegea? Fanya hivyo kwa ajili ya kiuno chako. Wakati wa uchungu pia, kupiga magoti na mikono hupunguza maumivu ya mgongo. Usiku lala kwa ubavu, hasa baada ya wiki ya 28. Hilo ni kwa usalama wa mtoto.

Kinachoninyima usingizi mimi ni aliyetanguliza matako. Wiki ya 28 ni wengi, kama mmoja kati ya wanne au watano, wala hakuna shida, bado ana nafasi ya kupinduka. Mimba ikitimia wanabaki 3 au 4 kati ya 100. Kwa hiyo wiki ya 36, kabla hujateremka kitandani kule kliniki, uliza: kichwa kiko wapi? Mkunga atapapasa. Kichwa ni kigumu, cha mviringo, ukikisukuma kinacheza. Matako ni laini, na yakisogea mwili wote unafuata. Akiwa na shaka, apeleke kwa skani.

Kama hajapinduka, daktari anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, kuanzia wiki ya 36 au 37. Karibu nusu ya majaribio hufaulu. Hufanyiwa hospitalini, mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa na chumba cha upasuaji kiko karibu. Nyanya wa mtaani mwenye chupa ya mafuta hana hayo yote. Akande miguu, akande mabega. Tumbo asiguse, kondo la nyuma likibanduka, damu hiyo hatakuwa na cha kuizuia.

Na ukijua mtoto hajashusha kichwa, chupa ya maji ya uzazi ikipasuka usingoje uchungu wala usimalize kufua. Nenda hospitali saa hiyo. Ukihisi kamba ya kitovu cha mtoto imetangulia kutoka, usiivute wala usiirudishe: piga magoti, kifua chini, makalio juu, hata kama ni kiti cha nyuma cha teksi na mko kwenye foleni ya Jogoo Road, na ubaki hivyo mpaka muuguzi akufikie. Nitandikieni leso hapa, niwaonyeshe.