Mwisho Uliowekwa Akiba

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Jioni hii nataka tuzungumzie kidonda ambacho najua wengi humu mnacho: unafuatilia tamthilia miaka nenda miaka rudi, halafu epsodi ya mwisho inakuacha umekodolea macho skrini, huna la kusema.

Changu mimi ni How I Met Your Mother ya Marekani. Ilianza 2005. Ted, akiwa mwaka 2030, anawasimulia wanawe wawili jinsi alivyokutana na mama yao. Sasa, waigizaji wa wale watoto walikuwa vijana, na kijana hakawii kukua. Kwa hiyo mapema, wakati wa msimu wa 2, watayarishaji waliwarekodi kwa siri wakisema maneno ya mwisho kabisa: baba, mfuate Shangazi Robin, yaani rafiki na mpenzi wa zamani wa Ted. Picha zikawekwa akiba. Misimu ikaenda mpaka 9.

Na katikati hapo hadithi ilikua. Tulionyeshwa mara chungu nzima kwamba Ted na Robin hawaivi chungu kimoja. Msimu wa 9 karibu wote ni siku mbili tatu za harusi ya Robin na Barney, rafiki yao. Halafu akaja Tracy, mama mwenyewe, na Cristin Milioti akamwigiza hivi kwamba tukampenda papo hapo. Tarehe 31 Machi 2014, ndani ya saa moja, ndoa ya Robin imevunjika, Tracy ameugua na kufa, Ted yuko chini ya dirisha la Robin ameinua tarumbeta la buluu, ishara ya mapenzi yao ya zamani.

Sikuumia kwa sababu Tracy alikufa. Hadithi zetu sisi hazijawahi kuogopa kifo. Niliumia kwa sababu hatukuachiwa nafasi ya kumlilia. Mtu tuliyemngoja miaka 9, anaondoka bila matanga! Mwisho ule ulitungwa kwa ajili ya watu wa msimu wa 2, na watu wale hawakuwapo tena.

Game of Thrones, 2019, iliumiza kwa njia nyingine. Daenerys, malkia mwenye majoka, kuuteketeza mji ningeweza kukubali. Ila msimu wa mwisho ulikuwa na epsodi 6 tu, na safari ya moyo wake ikakimbizwa.

Sasa tazameni mwisho wa Breaking Bad, Septemba 2013, hadithi ya Walter, mwalimu wa kemia aliyegeuka mpika dawa za kulevya. Wengi husifu ile bunduki aliyoificha garini kuwaua maadui zake. Mimi nabaki jikoni. Skyler, mkewe, yuko peke yake na sigara, kamera inasogea polepole, kumbe Walter amesimama nyuma ya nguzo. Misimu mitano amekuwa akisema anafanya yote kwa ajili ya familia. Akifungua kinywa, Skyler anamkatiza, hataki kulisikia tena hilo. Naye Walter, kwa mara ya kwanza, anakiri: alifanya kwa ajili yake mwenyewe, alipenda, na alikuwa hodari.

Kisha anaomba kumwona mtoto wao mchanga. Skyler anamruhusu. Anampapasa kichwa, anatoka.