Familia Imekubali, Kasema Mjomba

KAZUNGU: …na shati lenyewe ni lile la mazishi, Mwanaisha. Lile la maua.

MWANAISHA: Ngoja, tumeshaanza kurekodi. Karibuni wasikilizaji. Mwanaisha hapa, na Kazungu mnamjua. Leo tulipanga kuzungumzia makubaliano ya kukiri kosa, na familia ya aliyeuawa ina haki gani watu wanapokaa kupatana. Nimeandika mambo matatu ya kuondoka nayo, karatasi hii hapa. Lakini mwenzangu ameingia na habari zake, na aanze yeye.

KAZUNGU: Wanaotusikiliza tangu zamani wanakumbuka ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, aliyeuawa kwenye ugomvi wa mangweni, pale panapouzwa pombe ya mnazi. Kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu, mauaji. Tumekwenda, imetajwa, imeahirishwa, tumerudi nyumbani. Wiki hii tukampeleka mama mdogo akasikilize mashahidi. Tuko koridoni, wakili mmoja hata si wa kesi yetu ananiambia, "Nyinyi leo hamkai sana, kuna makubaliano." Makubaliano gani? Kumbe upande wa mashtaka na wakili wa mshtakiwa washakaa. Shtaka la mauaji linaondolewa, jamaa anakiri kuua bila kukusudia.

MWANAISHA: Na mama mdogo hana habari.

KAZUNGU: Mama mdogo ameketi pale nje kwenye benchi la saruji na kikapu chake cha mihogo ya kuchemsha, anangoja shahidi. Nikamwendea kiongozi wa mashtaka kwa adabu zote. Mbona familia haikuulizwa? Akafunua faili. "Familia iliulizwa. Tulipiga simu nambari iliyomo humu, tukajibiwa familia imekubali."

MWANAISHA: Nambari ya nani?

KAZUNGU: Unamjua.

MWANAISHA: Usiniambie! [kicheko] Mjomba Msemaji?

KAZUNGU: Mwenyewe.

MWANAISHA: Kwa wasiomjua, Mjomba Msemaji ni yule aliyesimama harusini kwa Kazungu akatoa shukrani kwa niaba ya upande wa bwana harusi, kisha akashukuru na kwa niaba ya upande wa bibi harusi. Wazee wa kule wamekaa, wanamtazama.

KAZUNGU: Na hospitalini je? Mke wangu amejifungua, Mjomba anahutubia wodi nzima. "Kwa niaba ya familia, tunawashukuru wauguzi na wagonjwa wote."

MWANAISHA: Na wagonjwa!

KAZUNGU: Sasa siku ya msiba yeye ndiye aliyetangulia kituo cha polisi. Wameuliza nani wa familia, kasema mimi. Nambari yake ikaingia kwenye faili, ikabaki hapo mpaka leo. Nikamuuliza, Mjomba, ulikubali nini? Ati, "Mimi nilijua wanauliza kama tumekubali tarehe."

MWANAISHA: Lo!

KAZUNGU: Bado. Kesi ikaitwa. Jaji akauliza, familia ya marehemu ipo? Mjomba huyo kasimama na shati la maua. Katoa karatasi mfukoni, kavaa miwani, kakohoa. "Mheshimiwa Jaji, mheshimiwa chifu ambaye hayupo, viongozi wa dini mliopo na msiokuwepo, nikizingatia itifaki…"

MWANAISHA: [kicheko kirefu] Chifu ambaye hayupo!

KAZUNGU: Karani anamwashiria kaa chini, yeye anadhani anaambiwa apandishe sauti. Mpaka askari akaja akamgusa bega. Makubaliano hayakusomwa, tumepewa tarehe nyingine. Tunatoka, mama mdogo ananiuliza, "Kwani mjomba wako alikuwa anataka kusema nini?" Nikakosa jibu, maana na mimi sijui.

MWANAISHA: Pole, kaka. Nacheka, lakini pole sana. Hebu nikwambie sheria yasemaje, maana hapo pana kitu. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai hapa Kenya, vifungu vya 137A mpaka 137O, viliingizwa na marekebisho ya 2008. Kifungu cha 137D kinamtaka kiongozi wa mashtaka, kabla ya kufunga makubaliano, ashauriane na afisa mpelelezi, na ampe mwathiriwa au wakili wake nafasi ya kutoa maoni juu ya yaliyomo kwenye makubaliano hayo. Lakini pana kijisentensi hapo, "isipokuwa hali hairuhusu".

KAZUNGU: Hali hairuhusu kivipi? Mama mdogo ana simu. Kila asubuhi ananitumia picha za maua na "Mola akulinde".

MWANAISHA: Hali yenyewe haielezwi. Na saini ya mlalamikaji inatakiwa pale tu makubaliano yanapokuwa na amri ya fidia. Bila fidia, karatasi inasainiwa na mwendesha mashtaka na mshtakiwa au wakili wake, yamekwisha.

KAZUNGU: Kwa hiyo tungekuwa tunataka pesa tungesaini. Hatutaki pesa, hatusaini.

MWANAISHA: Umeiweka kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyo.

KAZUNGU: Na Mjomba anahesabiwa mwathiriwa?

MWANAISHA: Hapo sasa! Kwenye vifungu vya kutoa hukumu, cha 329A na vinavyofuata, familia imetajwa kwa orodha. Mke au mume, mzazi, mlezi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa. Mjomba mimi simuoni humo.

KAZUNGU: Usimwambie. Atakata rufaa.

MWANAISHA: Kwa niaba ya wajomba wote.

KAZUNGU: Waliopo na wasiokuwepo. [kicheko]

MWANAISHA: Lakini kule nyuma, kwenye makubaliano yenyewe, ni "mwathiriwa" tu. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inasema mwathiriwa ni mtu aliyepata madhara au hasara kwa sababu ya kosa. Sasa aliyefiwa ni nani? Marehemu ana mama, ana mke…

KAZUNGU: Wake.

MWANAISHA: Wake?

KAZUNGU: Wawili. Hawaongei. Mmoja anataka jamaa afungwe maisha, mwingine anasema yaishe, amechoka na nauli. Na kaka yake marehemu yuko Doha, anafuatilia kwenye kundi la WhatsApp, kila Jumapili anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Mjomba anamjibu kwa maandishi, "Asante kwa mchango, familia imepokea."

MWANAISHA: [anacheka] Basi mtu akipiga simu kuuliza familia inasemaje, anaongea na nani? Nimeripoti kortini miaka mingi kabla ya kipindi hiki, na hilo nimeliona kila mara. Faili linataka nambari moja. Anayeipokea ni yule mwenye sauti na mwenye krediti.

KAZUNGU: Wewe unamtetea kiongozi wa mashtaka?

MWANAISHA: Simtetei. Alitakiwa amtafute mama. Nasema tu kwamba neno "familia" ni mlango mpana, wa kwanza kupita ni Mjomba.

KAZUNGU: Basi mimi suluhisho langu ni jepesi. Mzazi au mwenzi asiposaini, makubaliano hayasimami. Hata kama ni mmoja.

MWANAISHA: Hapo hatuko pamoja.

KAZUNGU: Najua.

MWANAISHA: Nikupe mfano mkubwa. Ndege ya Ethiopian, safari ya 302, Machi 10, 2019, Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita tu angani, ikaanguka karibu na Bishoftu. Watu 157, Wakenya zaidi ya 30 humo. Miezi minne na ushei kabla yake ilikuwa Lion Air kule Indonesia, 189. Zote mbili Boeing 737 MAX. Januari 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani ikaandikiana na Boeing kuahirisha mashtaka, yaani kesi isiendelee mradi kampuni itimize masharti, dola bilioni 2.5. Milioni 500 ndizo za familia, fungu kubwa zaidi likaenda kwa mashirika ya ndege yaliyonunua. Na familia zikalisikia kwenye habari.

KAZUNGU: Kama sisi koridoni.

MWANAISHA: Ila kwenu ni koridoni, kwao ni Texas, na wao wako Nairobi. Marekani ina sheria ya 2004 inayompa mwathiriwa haki ya kushauriana na mwendesha mashtaka. Serikali ikajibu kwamba shtaka ni njama ya kuwalaghai wakaguzi wa usalama wa ndege, kwa hiyo aliyedhulumiwa ni serikali, si abiria.

KAZUNGU: Mtoto wangu kafa, mwathiriwa ni ofisi?

MWANAISHA: Ndivyo walivyosema. Familia zikaenda mbele ya Jaji Reed O'Connor, Fort Worth, na Oktoba 2022 akaamua kwamba hawa ni waathiriwa. Januari 2023 wakasimama kortini mbele ya Boeing, mmoja baada ya mwingine, wakasema yao. Wengine walisafiri kutoka mabara mengine.

KAZUNGU: Kisha?

MWANAISHA: Februari akasema hana mamlaka ya kuyavunja makubaliano.

KAZUNGU: Endelea.

MWANAISHA: Julai 2024 Boeing ikakubali kukiri kosa. Familia zikapinga, Desemba jaji akaikataa ile karatasi, ingawa sababu zake zilihusu namna ya kumchagua msimamizi wa nje wa kuikagua kampuni. Mei 2025 serikali ikaja na makubaliano mapya, hakuna kukiri kosa kortini, hakuna kesi, dola bilioni 1.1 na ushei. Novemba 2025 kesi ikafutwa. Jaji mwenyewe aliandika kwamba haafiki kuwa hilo lina maslahi kwa umma, ila hana uwezo wa kuzuia.

KAZUNGU: Umemaliza?

MWANAISHA: Nimemaliza.

KAZUNGU: Umenipa hoja yangu kwenye sinia. Haki ya kusikilizwa bila uwezo wa kuzuia ni haki ya kukohoa. Watu wamepanda ndege, ndege tena, Mwanaisha, wamelia mbele ya jaji, jaji kakubali kwamba wamedhulumiwa, na karatasi ikapita. Mjomba alikohoa, akaketishwa. Tofauti iko wapi?

MWANAISHA: Tofauti iko hapa. Serikali ilipopeleka makubaliano ya mwisho ilisema familia za zaidi ya 110 kati ya waliokufa ama zinaunga mkono, ama hazipingi. Na nyingine zilikuwa zinapigania kesi isikilizwe. Sasa wewe na kanuni yako ya mmoja akikataa. Familia mia zinataka kupumzika, moja haitaki. Unamfungia nani mlango?

KAZUNGU: Zile mia hazikuzaa mtoto wa yule mmoja.

MWANAISHA: Kazungu…

KAZUNGU: Sikiza na mimi nikupe mfano. Mwaka 2013, Mahakama Kuu Nairobi. Kesi ya mauaji, familia mbili za Kisomali zikapatana kimila, ngamia na mbuzi wakatolewa, familia ya marehemu ikasema imeridhika, upande wa mashtaka ukaomba kesi iondolewe, jaji akakubali. Hiyo ni kweli au si kweli?

MWANAISHA: Ni kweli.

KAZUNGU: Basi familia ikisema "tumesamehe" inasikika mpaka kesi ya mauaji inaondolewa. Ikisema "hatujakubali", ati hiyo ni kesi ya Jamhuri, kaeni kando. Mbona sikio ni la upande mmoja?

MWANAISHA: Uamuzi ule ulilaumiwa mno, na ulilaumiwa kwa sababu hiyohiyo. Leo ukiifanya saini ya mama kuwa ufunguo, kesho usiku watakwenda kwake na bahasha. Nimewaona, wallahi. Mama mjane, nyumba ya makuti, gari limeegeshwa nje taa zimezimwa. Leo wakienda wanamhonga shahidi. Kanuni yako itawapeleka kwa mama moja kwa moja.

KAZUNGU: Wanakwenda tayari! Unafikiri hawajafika kwa mama mdogo?

MWANAISHA: Wamefika?

KAZUNGU: Sitaki kusema hewani.

[kimya]

MWANAISHA: Haya. Lakini mimi bado sisogei. Apewe taarifa kwa maandishi, yeye, si Mjomba. Aelezwe kwa lugha yake, awe na wakili. Mahakama ya Juu mwaka 2020, kesi ya mauaji iliyoanzia Bungoma, ilisema mwathiriwa anaweza kushiriki kesini kupitia wakili wake, ila hageuki kuwa mwendesha mashtaka wa pili. Mimi nasimama hapo. Neno la mwisho abaki nalo jaji.

KAZUNGU: Jaji ambaye hajui kwamba yule kwenye benchi ndiye mama.

MWANAISHA: Ndiyo maana aelezwe.

KAZUNGU: Na akielezwa akasema "hapana"?

MWANAISHA: Aisikie hiyo hapana, aipime.

KAZUNGU: Aipime. Sawa. Wewe hujazika.

MWANAISHA: Nimezika, Kazungu.

KAZUNGU: Nisamehe. Lakini kwenye hoja hunipati.

MWANAISHA: Wala wewe mimi hunipati. Ona, fundi anatuonyesha vidole. Ngapi hizo, mbili?

KAZUNGU: Dakika mbili. Na karatasi yako?

MWANAISHA: Hata la kwanza sijalisoma! Ngoja nichomoe hili moja la mama mdogo. Makubaliano hayajasomwa, kwa hiyo bado hayajakubaliwa. Aende yeye mwenyewe, kabla ya tarehe, ofisi ya mashtaka, abadilishe nambari kwenye faili. Kisha atoe maoni yake kwa maandishi, apigiwe muhuri nakala yake. Hukumu ikishatolewa kwenye makubaliano kama haya, mlango wa rufaa ni mwembamba mno, ni juu ya adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake.

KAZUNGU: Atakwenda na nani? Mimi niko kazini.

MWANAISHA: Nitakwenda naye.

KAZUNGU: Mjomba akisikia atataka kuja.

MWANAISHA: Aje, atabeba kikapu. Mambo mengine mawili tutayasema wiki ijayo.

KAZUNGU: Wiki ijayo tuna mgeni, yule dada wa bandarini.

MWANAISHA: Basi ile nyingine. Fundi, kata.