Jinsi ya Kushughulikia Asesheni Unapoandaa Toleo la Watumiaji

Habari za wakati huu, ndugu mtazamaji, na karibu. Nipo Mbeya, na leo tutafungua programu ya mizani niliyoiandika kwa lugha ya C kwa ajili ya kikundi cha wakulima wa maparachichi wilayani Rungwe, ili tuone kwa nini programu iliyofaulu majaribio yote kwenye kompyuta yangu ilimkatia mkulima stakabadhi ya kilo 0.

Tazama mstari huu kwenye skrini:

assert(soma_mizani(&uzito) == 0);

Asesheni ni tamko la mwandishi wa programu kwamba jambo fulani lazima liwe kweli mahali hapo. Lisipokuwa kweli, programu huandika jina la faili, namba ya mstari na sharti lililovunjika, kisha husimama papo hapo. Katika toleo la majaribio, mstari huu unasoma mizani na kuhakiki kwamba usomaji umefaulu. Toleo la watumiaji, hata hivyo, kwa kawaida huandaliwa kwa alama ya NDEBUG, na alama hiyo ikiwa imewekwa kabla ya assert.h kuingizwa, kila kilichomo ndani ya mabano ya assert huachwa bila kutekelezwa, ukiwemo mwito wa kusoma mizani. Kigeu cha uzito nilikuwa nimekianzisha kwa 0, na hiyo 0 ndiyo iliyochapishwa. Mama aliyeleta mzigo aliitazama stakabadhi, akazitazama kreti zake, akaniambia, "Mwanangu, mizani yako inasema sikuleta kitu." Kosa lilikuwa langu, na ndiyo sababu naomba tuende pole pole katika sehemu hii.

Hatua ya kwanza ni kuandaa matoleo yote mawili kutoka kwenye msimbo uleule. Kwa kompaila ya gcc, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, andika gcc -g -Wall mizani.c -o majaribio, kisha gcc -O2 -Wall -DNDEBUG mizani.c -o watumiaji; hiyo -DNDEBUG ndiyo inayoweka alama ya NDEBUG. Ukitumia CMake, zana ya kuandaa programu, fahamu kwamba aina ya Release, yaani toleo la watumiaji, huongeza -DNDEBUG yenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo huenda asesheni zako zimekuwa zikiondolewa muda wote bila wewe kujua.

Sasa tafuta kila asesheni kwa amri ya grep -n "assert(" *.c na uzisome moja baada ya nyingine. Jiulize swali moja tu: nikiufuta mstari huu, je, programu itaendelea kufanya kazi ileile? Ukikuta ndani yake kuna ++, alama ya kukabidhi thamani, au mwito wa kitendaji kinachosoma, kinachoandika au kinachobadilisha chochote, itoe kazi hiyo nje ya mabano:

int hali = soma_mizani(&uzito);
assert(hali == 0);

Wengi huishia hapo, nami naona hapo hapatoshi. Ukiandaa tena toleo la watumiaji, kompaila itakuonya kwamba kigeu hali hakitumiki. Usikimbilie kulinyamazisha onyo hilo, kwa sababu linakueleza ukweli: katika toleo hili hakuna anayeangalia kama mizani imesomwa. Waya wa mizani unaweza kuchomoka na umeme unaweza kukatika, na mambo hayo hayathibitishi kwamba mwandishi amekosea katika hesabu zake. Kila kinachotoka nje ya programu, kiwe kifaa, faili, mtandao au kidole cha karani, kinahitaji if ya kawaida inayobaki katika matoleo yote:

if (hali != 0) { onyesha("Mizani haijasomeka. Pima tena."); return; }

Asesheni ibaki kwa yale ambayo yakivunjika kosa ni la msimbo wenyewe, kwa mfano kwamba jumla ya kreti zote haiwezi kuwa ndogo kuliko uzito wa kreti moja.

Yapo pia masharti ya ndani ambayo hayafai kuondolewa hata kwa mtumiaji. Iwapo salio la mkulima limetoka hasi mahali ambapo haliwezi kuwa hasi, ni heri programu isimame kuliko kuendelea kuandika fedha zisizo sahihi. Kwa masharti hayo tengeneza makro yako, yaani jina fupi ambalo kompaila hulibadilisha kuwa msimbo kamili, mimi naiita HAKIKISHA, isiyoitegemea NDEBUG, inayoandika __FILE__ na __LINE__ (jina la faili na namba ya mstari) kwenye faili la kumbukumbu kabla ya kuita abort(), kitendaji kinachoisimamisha programu papo hapo. Hakikisha stakabadhi zilizokwisha kukamilika zimehifadhiwa kwenye diski kabla ya kufika hapo.

Kwa wanaotumia lugha ya Rust, tofauti hii imo ndani ya lugha: assert! hubaki katika matoleo yote, na debug_assert! huondolewa katika toleo la release, isipokuwa ukiandika debug-assertions = true chini ya [profile.release] katika Cargo.toml, faili la mipangilio ya mradi. Katika Python, chaguo la -O huondoa kila assert, kwa hiyo usiitumie kamwe kuhakiki nywila au ruhusa ya mtumiaji.

Hatua ya mwisho ni kuyaendesha majaribio yako yote juu ya faili lililoandaliwa kwa -DNDEBUG, lile lile utakalompelekea karani. Mimi huchomoa waya wa mizani kwa makusudi, nikaweka kreti na kubonyeza "Pima". Kama unavyoona sasa kwenye skrini, ujumbe wa kupima tena umetokea, na printa haijatoa karatasi.