Paa la Vigae Halizibwi kwa Lami

Mabibi na mabwana, wazee wangu, na nyinyi mafundi mliojibanza kwenye viti vya nyuma mkijua fika nitakachosema, nawashukuru kwa kufika. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilizungumza jambo hili, na nitaendelea kulizungumza mpaka siku nitakayotoka Chumbageni hadi Raskazone, hapa Tanga, bila kuona paa la vigae lililopakwa viraka vya lami.

Kigae hakizuii mvua kwa kuzibwa, bali kwa jinsi kilivyopangwa. Kila kimoja hukilalia kilicho chini yake, ubavuni kina mfereji mdogo wa kupokea maji yanayopenya kwenye kiungo, na upande wa chini kina vijino vinavyoshika papi, yaani fito za mbao zinazobeba vigae. Matone yanayopita hurudishwa nje, na unyevu unaobaki hukaushwa na hewa inayozunguka chini yake. Ndivyo vilivyosanifiwa vigae vya Mangalore, kule India, ambako wamisionari wa Basel, Uswisi, walifungua kiwanda mwaka 1865, na vigae vya namna hiyo vikavushwa bahari vikaezeka nyumba nyingi za mwambao wetu. Anayepaka lami kwenye viungo huziba njia ya maji kutokea, kwa hiyo maji yaliyoingia juu zaidi hunaswa hapo hapo, na kinachoyanywa ni papi.

Iko nyumba moja hapa mjini ambayo nimeitolea mfano mara nyingi, na leo pia hamtaepuka kuisikia. Dari ya chumba cha kulala ilitokeza doa la maji juu ya kitanda. Fundi alipanda juu, akakadiria kwa macho mahali kitanda kilipo, akapaka lami, akalipwa, akaenda zake. Kweli Tanga ni waja leo waondoka leo. Masika yalipoanza doa likarudi. Fundi naye akarudi, akaongeza lami, na safari hii alikanyaga vigae katikati na kuvivunja, hata sebule nayo ikapata doa lake. Kumbe hakuna aliyekuwa ameingia ndani ya dari. Tulipoingia mchana wa jua kali na kuzima tochi, tuliona mwali mwembamba ukipenya karibu na mgongo wa paa, mbali kabisa na kitanda, mahali mota iliyoshikilia kofia, kile kigae cha kufunika mgongo, ilipopasuka. Kutoka hapo michirizi ya kahawia iliteremka ubavuni mwa mbao ya kenchi, ile fremu inayobeba paa, mpaka kwenye kiungo cha mbao mbili, na hapo ndipo maji yalipoacha mbao na kuiangukia dari. Chini ya ile lami, papi zilikuwa zimelainika kiasi kwamba ncha ya kisu iliingia bila kusukumwa, na misumari, kwa kuliwa na kutu ya hewa ya chumvi, ilibaki myembamba kama sindano.

Kofia moja iliyofunguka! Mwenye nyumba alikuwa amelipa mara mbili kwa kazi ya kuliharibu paa lake mwenyewe.

Najua mtaniambia kwamba wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini wahenga walikuwa wakizungumzia ukuta. Kigae chenye ufa hakizibwi, hubadilishwa, na kukibadilisha si kazi ya kutisha: vigae viwili vya juu yake huinuliwa kidogo kwa kabari za mbao, kibovu huchomolewa, na kipya husukumwa mpaka vijino vyake vishike papi. Kabla ya kukipandisha, kigongeni kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyofifia. Anayepanda apande kwa viatu vyenye soli laini na akanyage sehemu ya chini ya kigae, mahali kinapokilalia kingine na papi inapobeba uzito, wala asikanyage katikati ambako chini yake mna hewa tupu.

Wengine mtasema tuvitoe vigae vyote, tuweke bati, yaishe. Bati ni rahisi, sikatai, na kwa nyumba mpya ni uamuzi wa mwenye fedha yake. Tatizo ni hesabu ya uzito. Mita moja ya mraba ya vigae vya Mangalore hubeba vigae kama 15, navyo huwa na uzito wa kilo 40 hivi, ilhali bati kwa eneo hilo hilo halifiki kilo tano. Paa la mita za mraba 150 lililokuwa limetulia kwa tani sita linabaki jepesi ghafla, na kenchi zilizokuwa zikikandamizwa na uzito sasa zinainuliwa na kusi. Fundi asiyefunga kenchi upya ukutani kwa vyuma ameliacha paa mikononi mwa upepo.

Muda unaniishia, kwa hiyo haya nayapitia kwa haraka. Mota ya kofia isiwe ya saruji kali, kwa sababu hukakamaa na kupasuka jua linapoivuta mbao. Changanyeni na chokaa. Msipake vigae rangi ya kung'aa inayofungia unyevu ndani, wala msivioshe kwa mashine ya maji ya kasi, ambayo hubandua ngozi ya juu. Kuvumwani huondolewa kwa brashi wakati wa kiangazi. Majani ya mwembe na mifupa inayodondoshwa na kunguru huziba mifereji, nayo ikifurika hurudisha maji nyuma na kuozesha ncha za mbao. Ukaguzi ufanywe Januari au Februari, kabla masika hayajatukuta, na uanzie ndani ya dari.

Kuhusu vigae vya akiba, vya viwanda tofauti mara nyingi havishikani hata vikifanana kwa rangi. Kwa hiyo mkibomoa banda la uani lililoezekwa vigae vya zamani, msiviache vikaenda na kifusi. Geuzeni kila kimoja msome chapa iliyogandamizwa kwa chini, mvitenge kwa chapa zake, na kuvihifadhi vikiwa vimesimama kwa ubavu, si kwa kulazwa kimoja juu ya kingine.