Maandazi ya Gotini: Daftari la Bibi wa Kijerumani

Hamjambo jamani! Kamera nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, ikianguka mnisamehe. Leo nipo jikoni kwa mama mkwe, huku Bavaria, kusini mwa Ujerumani, karibu na Rosenheim. Na hili daftari mnaliona? Jalada zima madoa ya mafuta. Lilikuwa la bibi yake mume wangu, mama yake mama mkwe. Huku bibi wanamwita Oma. Alifariki kabla sijaolewa, kwa hiyo mimi namjua kwa madoa tu.

Miaka yote limelala kwenye droo ya vitambaa vya meza, halina msomaji. Si uvivu. Hebu nisogeze... hapo. Ni Kijerumani hicho, ila kwa mwandiko wa kale, Kurrent, ambao shule ziliamriwa kuuacha mwaka 1941. Mume wangu na digrii zake mbili anaukodolea macho kama mimi na Kichina. Aliyetusomea ni bibi jirani, ana miaka 93, miwani puani, kahawa pembeni.

Leo napika keki za kukaanga za humo daftarini, kama maandazi vile. Zinaitwa Auszogne, yaani zilizovutwa. Ukipanda kaskazini, eneo la Franken, wanaziita Knieküchle, na humo ndani mna neno goti. Subirini, goti linakuja. Huliwa hasa Kirchweih, sikukuu ya kanisa, ambayo huku ni Jumapili ya tatu ya Oktoba, mavuno yakishaingia ghalani.

Haya. Maziwa ya vuguvugu robo lita. Hamira mbichi nusu kipande; kipande kizima madukani huku ni gramu 42. Viini vya mayai viwili, siagi, sukari kidogo, ganda la limau la kukwaruza, chumvi, na kijiko kimoja cha rum, ile pombe ya miwa. Eti rum inazuia donge lisinywe mafuta. Shangazi, najua unanitazama! Nimejaribu bila rum, zikatoka vizuri tu.

Unga je? Bibi jirani akasoma: "Unga kiasi ambacho donge litakubali." Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini. Bibi yangu wa Tanga nilipomuuliza vipimo vya maandazi alinijibu, "Tia kiasi, mkono utakwambia." Hawa wawili hawajawahi kuonana!

Na mafuta yake, Butterschmalz. Nimezunguka dukani nikitafuta kitu cha ajabu, kumbe samli. Samli ya ng'ombe, ile ile ya nyumbani.

Sasa goti. Donge likishaumuka unakata madonge madogo, unayaacha yaumuke tena. Unakaa, unatandika kitambaa safi gotini, unanyunyiza unga, unaweka donge juu na kulivuta huku unalizungusha. Ukingo ubaki mnene, katikati pawe pembamba kiasi kwamba, wazee wanasema, ukiliweka juu ya barua ya mapenzi unaisoma. Likiingia kwenye samli ukingo unapata rangi ya kahawia, katikati panabaki peupe. Ukitoa unanyunyizia sukari ya unga.

Zangu tano za kwanza zote zilitoboka. Barua gani, ungesoma gazeti zima!

Mama mkwe alikuwa amesimama pale mlangoni. Tangu juzi anasema hakumbuki chochote, eti alikuwa mtoto, kazi yake kuleta kuni. Nilipotoboa ya tano akavuta kiti. Akatandika kitambaa gotini, hakuniuliza kitu. Akachukua donge, akavuta mara tatu, nne, likawa. Mimi mdomo wazi. Akasema, "Unavuta kwa kucha. Tumia mgongo wa mkono."

Basi ya sita ndiyo hii, ukingo umepinda kidogo lakini tundu hakuna. Yake ile pale kwenye sahani, mviringo kama... ngoja, kuna harufu. Mama wee, nimeacha moja kwenye karai! Kwaherini, kwaherini!