"Siumwi, nikapime nini?"

Shikamooni mama zangu, mambo dada zangu! Leo sipo Leicester, Uingereza, niko nyumbani Magomeni, Dar, barazani kwa mama. Bodaboda zikipita mnivumilie.

Nataka kusema habari ya barua moja. Uingereza, mwanamke akishafika miaka 50 huanza kuitwa akapigwe picha ya matiti, mamogramu, ya kutafuta kansa ya titi mapema, kila baada ya miaka 3, mpaka anapokaribia kutimiza 71. Bure kabisa, barua inaletwa mpaka mlangoni. Na bado wanawake weusi na wenye asili ya Asia huitikia wachache kuliko wazungu.

Mimi nilidhani ni uzembe. Mpaka nikaikuta barua ya mama mdogo imebanwa kwa sumaku kwenye friji, juu yake ratiba ya zamu. Miezi mitano iko pale. Analea wazee, siku asiyokwenda kazini halipwi. Jirani yetu Msomali aliogopa kuvuliwa nguo mbele ya mwanamume. Hakuna aliyemwambia kwamba kule wanaopiga picha hiyo ni wanawake. Jirani mwingine, Mhindi, alisomewa barua na mwanawe wa kiume, kijana akaona haya kulitaja titi mbele ya mama yake.

Nikamuuliza mama mdogo, akajibu, "Mwanangu, siumwi. Nikapime nini?"

Hapo ndipo penyewe, jamani. Kwetu kupima si neno jepesi. Sema hapa mtaani fulani kaenda kupima, watu wataanza kumwangalia kama kakonda. Tunapima tukishaumwa. Na uvimbe wa titi mara nyingi mwanzoni hauumi kabisa! Unaoga, unafunga kanga yako, siku zinakwenda. Wengi wanaofika Ocean Road, hospitali yetu ya kansa hapa Dar, ugonjwa umeshasambaa. Tena sisi weusi kansa hii hutupata mapema, wengine hata hiyo 50 hawajaigusa. Ukiona uvimbe, au chuchu imeingia ndani, usingoje umri wala barua.

Mama mdogo nilimsindikiza mwenyewe. Titi linabanwa kati ya vibao viwili, linauma kidogo, sekunde chache, linaachiwa. Alitoka anafunga vifungo vya blauzi: "Kumbe ndiyo hiyo tu?"

Dar hakuna barua. Jana nimemuuliza mama, ana miaka 61, hajawahi. Jumatatu tunakwenda, na mama wa nyumba ya pili kasema tumpitie saa moja asubuhi.